Taswira na Nafasi Tupu: Kuisoma Ramani ya Ushahidi kutoka Matuu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulitumia neno taswira kwa maana ya picha inayoumbwa na maneno akilini mwa msomaji. Siku hizi neno hilo limepata kazi ya pili: taswira ya data, yaani mchoro unaokusanya habari zilizotawanyika mtandaoni ili uhusiano wake uonekane kwa macho. Katika insha hii fupi nakusudia kuonyesha kwamba maana hizi mbili ni jamaa wa karibu, na kwamba zote mbili zahitaji stadi za mhakiki. Msimamo huu sikuupata maktabani, bali nyumbani Matuu, kutokana na swali la mdogo wangu.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilizuka nchini Kenya, na tarehe 30 ya mwezi huo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh alitoa wazo la kuziweka habari za ghasia katika ramani ya mtandaoni. Yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaliunda jukwaa la Ushahidi. Mwananchi aliweza kutuma habari kwa simu ya mkononi au kwa intaneti, nayo ikawa nukta mahali pake na chini ya aina yake: vifo, uporaji, uharibifu wa mali, hata juhudi za amani. Habari moja ilikuwa kisa tu. Zilipokusanywa zilionyesha mahali visa viliposongamana.

Jambo hili si geni katika ushairi wetu. Shairi la mizani kumi na sita likipangwa vyema ukurasani, vina vya kati na vya mwisho husimama katika safu mbili. Jicho hushuka na kuutambua ukoo wa maneno kabla ya sikio kuusikia. Naye Franco Moretti, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005, alitumia grafu, ramani na michoro ya miti kuonyesha mikondo ya fasihi isiyodhihirika kwa msomaji wa kitabu kimoja kimoja. Kwa hiyo niliipokea ramani ya Ushahidi kama matini, nikachapisha nakala yake ili niitumie darasani.

Nilikuwa nikiiandalia maelezo nyumbani mdogo wangu alipoinama begani mwangu. Mwezi Januari 2008 alikuwa kibarua Naivasha. Ghasia zilipofika huko mwishoni mwa mwezi huo, alijificha siku tatu usiku na mchana, simu yake ikiwa imezima kwa kukosa chaji. Mama alishinda kituoni kando ya barabara ya Garissa, akiyatazama mabasi. Siku ya nne mwanawe aliteremka, mikono mitupu.

"Kaka, mimi niko wapi hapa?" aliniuliza.

Nikamwonyesha Naivasha. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya aliyetuma. Mimi sikutuma kitu."

Sikuwa na jibu. Tume ya Waki ilitaja vifo 1,133. Waliojificha na kunusurika bila kumwambia mtu hawakuhesabiwa na yeyote. Nukta huhitaji msimulizi aliye hai, mwenye chaji, mtandao na ujasiri. Nafasi tupu, basi, haimaanishi kwamba palikuwa na amani. Hapana budi kusema kwamba hili si kosa la ramani. Ni sharti la utanzu wenyewe. Hadithi ya nafsi ya kwanza nayo haiwezi kutupa lisilofahamika kwa msimulizi wake, na hatuilaumu kwa hilo. Twauliza tu ni nani anayesimulia, naye amesimama wapi.

Hapa Matuu tunao mfano wa karibu. Mtaro wa Yatta, unaoleta maji ya Mto Thika, ulichimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa Hali ya Hatari. Wakati wa kiangazi, ukisimama mahali palipoinuka, huenda usiyaone maji; waona ukanda wa kijani katikati ya nyasi zilizokauka, ukajua mtaro unapita wapi. Hiyo ndiyo faida ya taswira: hudhihirisha uhusiano uliojificha. Lakini ukanda huo hausemi ni nani waliochimba. Hilo lapatikana kwa kuwauliza wazee.

Tangu siku ile wanafunzi wangu huisoma ramani mara mbili: kwanza kwa nukta zake, kisha kwa nafasi zake tupu. Nao huniuliza kama nafasi tupu yaweza kujazwa baadaye. Nilijaribu. Nilimpa mdogo wangu kalamu nikamwomba aweke alama mahali alipojificha. Aliishika kwa muda juu ya karatasi, akaniambia kwamba palikuwa usiku na hakulijua jina la mahali pale. Akairudisha kalamu mezani.