Kitabu Kisicho na Mtihani

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimesoma Takadini mwanzo mpaka mwisho, na sikumbuki kama nilimhurumia yule mama hata siku moja. Sekai anakikimbia kijiji chake kwa sababu mtoto aliyemlilia miaka yote kazaliwa na ualbino na mila inataka auawe. Mimi daftarini niliandika: "Sekai – jasiri, ana mapenzi ya dhati, anafaa kuigwa." Nikapiga mstari, nikahamia kwa mhusika mwingine. Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, tamathali za semi na mifano yake. Mtihani ulipokwisha, daftari lile lilifungia maandazi ya mama.

Baada ya hapo nikaingia kwenye dagaa, mwalo wa Kibirizi, na miaka ikapita. Kusoma nilisoma, kwani nani asiyesoma? Ujumbe wa miamala kwenye simu, bei kwenye ubao, kipande cha gazeti kilichofungia sukari. Ila mtu angeniambia kaa chini usome kwa raha zako, ningemwona hana kazi.

Mwaka 2024 ziwa likafungwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimama ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika. Sisi tumezoea kupumzika siku za mbalamwezi, maana dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Lakini miezi mitatu! Chanja zilibaki tupu, mbuzi wakalala chini yake. Nikahamia kwenye mawese: kibanda Ujiji, madumu ya kuanzia, na kukaa. Kukaa ndiko kulikonishinda. Mteja anakuja asubuhi, mwingine alasiri, na katikati hapo unahesabu nzi.

Baba yangu mdogo ni mstaafu wa reli. Alikuwa mkagua tiketi kati ya Kigoma na Dar es Salaam, na safari ile ndefu ilimfanya msomaji. Ana sanduku la bati limejaa riwaya, nyingine kaachiwa na abiria, nyingine kanunua stesheni. Alichoka kunisikia nikiuliza saa, akanirushia kitabu kisicho na jalada.

"Soma, mwanangu, uniache nipumue."

Kilikuwa Salamu Toka Kuzimu cha Ben Mtobwa. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ni mzaliwa wa mkoa wetu huu wa Kigoma, na shuleni hakuna aliyewahi kunitajia jina lake. Nilianza ili nimridhishe mzee. Kufika alasiri, mteja alikuwa akigonga dumu kwa ufunguo wa pikipiki, nami nikimwashiria kwa mkono asubiri, Joram Kiango yuko pabaya. Niligeuza ukurasa kwa kidole chenye mawese. Doa jekundu likabaki pembeni, na alama zote za dole gumba zinaonekana, kama nimetia saini. Baba mdogo alinuna siku nzima. "Kimepita mikono ya abiria wa Tabora, Dodoma na Morogoro, hakijapata doa. Wewe siku moja tu!" Nikakivalisha kipande cha khanga, tukapatana.

Sanduku lile sikulipumzisha tena. Nikasoma Willy Gamba wa Elvis Musiba, nikasoma Simu ya Kifo cha Katalambulla. Najua wapo watakaosema hizo ni riwaya pendwa, hazina kina. Sawa. Lakini mimi kwa Kezilahabi nisingefika bila kupitia kwa Joram Kiango. Rosa Mistika chake, kilichotoka mwaka 1971 na kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, nilikimaliza usiku wa manane huku nalia. Nikamwamsha mume wangu, ambaye kwa kufungwa kwa ziwa naye alikuwa analala nyumbani kama watu wengine.

"Huyo Rosa ni wa wapi?"

"Ukerewe."

"Basi si wa ziwa letu. Lala."

Kusadikika cha Shaaban Robert, ambacho ni chembamba kuliko vyote, bado nakisoma kama anayekula samaki mwenye miiba: polepole, na mara nyingi naweka pembeni.

Agosti ziwa likafunguliwa, nikarudi Kibirizi nikidhani mambo ya vitabu yamekwisha. Kumbe kazi ya kulinda dagaa ndiyo kazi ya kusoma. Ukishawaanika, unachofanya ni kufukuza kunguru na kutazama mawingu. Jirani yangu wa chanja akaniuliza nacheka nini. Nikamsomea. Wa pili akasogeza kigoda. Siku hizi nisipokuja na kitabu naulizwa kama naumwa, na mvua ikitishia tunaanua mbio huku mtu anapiga kelele, "Shika ukurasa!"

Yupo mama mmoja pale, tunamwamkia shikamoo sote, aliyejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wake. Anasema walipewa vitabu vya kilimo bora, usafi wa nyumba, malezi ya mtoto. Siku nilipomwachia kitabu akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari, akafika mahali pa mapenzi akaguna. "Haya mbona hawakutupa?"

Swali hilo limenikaa. Yeye walimfundisha kusoma ili alime vizuri, mimi ili nifaulu. Wanaolalamika kwamba Watanzania hatusomi sijui kama wamewahi kufika mwaloni saa tano asubuhi, au kuangalia vijana wanavyolipia mwendelezo wa simulizi kwenye WhatsApp, sehemu moja baada ya nyingine. Hela ya vocha hana, ya sehemu ya ishirini anayo.

Mwanangu yuko kidato cha tatu, na Takadini kimerudi nyumbani. Alikuja na swali la dhamira. Nikamwambia nipe kwanza nikisome, nikakaa nacho usiku kucha, na safari hii Sekai alinikamata koo. Asubuhi nikamuuliza ni wapi alipomwonea huruma yule mama. Akanitazama. "Mama, hilo haliulizwi kwenye mtihani." Tukabishana mpaka akachelewa namba, na jioni akarudi kunionyesha ukurasa. Hatukuchagua ukurasa mmoja, na sasa tunabishana kuhusu hilo.

Chenye doa la mawese sinacho kwa sasa. Kiliondoka na boti ya Kalya, mkononi mwa dada mmoja anayenunua dagaa kwangu kwa mkopo. Deni lake la hela nimempa muda mpaka mwisho wa mwezi. La kitabu nimempa mpaka boti irudi, kwa sababu baba mdogo keshaanza kuulizia.