Farasi wa Harusi Wapo, wa Mazoezi ya Mtoto Je?

Kuna mama mmoja wa Mbagala, muuza vitumbua, usiku kaingia Instagram akakutana na klipu: mtoto wa Ulaya mwenye mtindio wa ubongo, yuko juu ya farasi, mgongo umenyooka, anacheka. Wa kwake ana miaka sita na hajawahi kukaa bila kushikiliwa. Usingizi ukakata.

Akamuuliza mtaalamu wa mazoezi tiba wanayemwendea. Akajibiwa kwamba si uchawi. Farasi akitembea taratibu, kiuno cha aliyempanda kinacheza karibu sawa na cha mtu anayetembea, kwa hiyo misuli ya mgongo inafanya kazi itake isitake. Ila si farasi yeyote. Anatakiwa mpole aliyefundishwa, mtu wa kumwongoza, wa kumshikilia mtoto pembeni, na mtaalamu aliyesomea. Na hapa Bongo farasi wenyewe wa kuhesabu. Kuwatunza ni hela, halafu kuna ugonjwa wao unaoenezwa na visubi, unaweza kumuua ndani ya siku chache.

Baba mtoto akasema hayo mambo ya Kizungu. Mama akamsomea habari za Lis Hartel wa Denmark: polio ilimpooza miguu mwaka 1944, na mwaka 1952 akachukua medali ya fedha ya farasi Olimpiki ya Helsinki, huku akisaidiwa kupanda na kushuka. Baba kimya.

Basi mtoto mgongoni, daladala mbili na bajaji, hadi Kinondoni kwa jamaa anayekodisha farasi kwa maharusi. Jamaa akawa mkweli.

"Dada, huyu ni wa picha. Akishtuka na honi ya bodaboda mtoto akaanguka, nani atajibu?"

Na nusu saa yake ni mauzo ya vitumbua ya wiki nzima. Akaruhusu mtoto amguse tu.

Kile kiganja kinachokunja ngumi mchana na usiku kikafunguka taratibu juu ya pua ya farasi. Mama akageukia pembeni, akajifanya anafunga kanga.

Nyumbani kuna kibubu cha kiti cha magurudumu, kimefika nusu. Mtaalamu anasema kiti kwanza, maana farasi wa siku moja hasaidii, inatakiwa wiki hadi wiki. Mama anajua ni kweli. Lakini namba ya jamaa hajaifuta.

Ungekuwa wewe, kibubu ungekivunjia nini?