Dakika 77 za Kuongoza

Usiku wa Januari 21, 2024 nilikuwa Bweni, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, nimebanana na wavuvi ndani ya kibanda umiza tukiitazama Taifa Stars ikicheza na Zambia huko San-Pédro, Ivory Coast. Dakika ya 11 Simon Msuva alifunga. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Tulikuwa mbele kwa bao na kwa mtu, nasi tangu fainali za Lagos mwaka 1980 hatukuwa tumeshinda mechi hata moja ya Kombe la Mataifa ya Afrika.

Basi tukaanza kulinda. Kadiri saa ilivyosogea ndivyo tulivyorudi langoni kwetu, na wale kumi wakatufuata. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Siku tatu baadaye tulitoka 0–0 na Kongo, tukarejea nyumbani na alama mbili. Kongo ilifuzu kwa alama tatu.

Mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi, hakumlaumu mchezaji yeyote. Tulipokuwa tukirudi nyumbani gizani alisema tu, "Mpwa wangu, tanga hutuliwa kwa tufani. Ukilitua upepo ukiwa wako, mkondo ndio utakaokupeleka."

Sidai kwamba kila tahadhari ni woga. Katika mpira wa Kimarekani, timu inayoongoza hupendelea kukimbia na mpira kuliko kuurusha, kwa kuwa mrusho usiodakwa husimamisha saa. Februari 2017 Atlanta Falcons, wakiwa wameongoza 28–3, waliendelea kurusha hata walipohitaji kutulia. New England Patriots wakawashinda 34–28. Hao tanga lao lilistahili kutuliwa.

Mimi nalitua mapema mno. Miezi michache baada ya safari ile nilikuwa mjumbe wa kamati iliyojadili wanafunzi waliozuiliwa matokeo kwa sababu ya deni la ada. Hoja yetu ya kuwaachia ilikubaliwa kikao cha kwanza. Katika kikao cha pili mkubwa mmoja aliomba "tuitazame upya", nami, nikiamini kwamba tumekwisha kushinda na kwamba maneno zaidi yangemuudhi, nikanyamaza. Uamuzi ukageuzwa. Katika muhtasari wa kikao kile jina langu limo kwenye orodha ya waliohudhuria tu.