Mbona mimi sina uso?

Hilo swali niliulizwa na msichana mmoja anayecheza basketi, na mpaka leo halijanitoka. Alikuwa ameshika kamera yangu, anapitisha picha moja moja. Zilikuwa picha za mechi yao, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya kulipwa. Akafika kwa moja akasimama. Jezi yake namba 7 inasomeka vizuri kabisa. Mpira unaonekana. Hijabu nyeusi inaonekana. Ndani ya hijabu, giza.

"Walaal," akaniuliza, "mbona mimi sina uso?"

Nikamjibu vile wapiga picha wachanga wote hujibu: "Mwanga wa humu ndani ni mbaya."

Leo nataka tuongee juu ya hilo jibu. Nilikuwa nimelibeba kama kitambulisho, nalitoa kila nikiulizwa, na lilikuwa uongo.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Griftu, kaunti ya Wajir. Kama hujawahi kufika, jua la kwetu halikuulizi kama uko tayari. Nilianza kupiga picha na simu yenye kioo kimepasuka: ngamia kisimani, watoto wakicheza mpira kwa vumbi, hooyo akikunja mkeka. Kila kitu kilitoka safi. Watu wakaniambia nina kipaji, na mimi nikaamini. Kumbe jua ndilo lilikuwa linapiga picha, mimi nilikuwa nabonyeza tu.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili, 2022. Wengi mnaniuliza kwa komenti kama ni kujifanya mjanja. Hapana. Kwetu karo inatembea kwa miguu minne. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, na karo ikaisha nayo. Aabo hakuwahi kuniambia niache. Alinipigia tu akaniambia ni mbuzi wangapi wamebaki. Nikafanya hesabu mwenyewe. Nikabaki Nairobi, nikafanya kazi ya kubeba mizigo Eastleigh, nikanunua kamera ya mtumba na ile lenzi yake ndogo inayokuja nayo. Nikajiita mpiga picha.

Sasa hiyo mechi. Timu ya wasichana, wengi wao familia zao zimetoka huku kwetu kaskazini mashariki. Ukumbi jina lake naliacha. Kocha hakutaka picha za kupendeza mtandaoni. Alitaka picha za wazazi. Wazee kadhaa walikuwa na shaka na huu mchezo, na baba ya Namba 7 alikuwa ameshasema huu ndio msimu wa mwisho. Hakuwa amewahi kumwona binti yake akicheza hata dakika moja. Kocha akafikiria, mzee akiona kwa macho yake vile msichana wake amevaa vizuri, amejisitiri, na vile anacheza, labda moyo utalegea.

Nikaleta picha 400. Hakuna uso hata mmoja wa kuonyesha mzazi.

Kocha hakunigombeza. Aliangalia, akanirudishia kamera, akasema, "Kijana wangu, hizi siwezi kupelekea mtu." Hakunilipa, na sikudai. Kilichoniuma hakikuwa pesa. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kumwonyesha baba mtoto wake, nikamwonyesha jezi.

Wiki ile sikulala vizuri. Nikarudi kwa ule ukumbi siku haina mechi, nikamwomba mzee anayefagia aniruhusu niingie. Akanikubalia, bora nisikanyage sakafu na viatu vyangu. Nikakaa peku katikati ya uwanja na kamera, nikaanza kusoma ule mwanga kama mtu anayesomea mtihani wa kurudia.

Haya ndiyo niliyoyaona, na nayaandika ili wewe usichome kazi yako ya kwanza kama mimi.

Moja, jicho lako linakudanganya. Mwanga hupimwa kwa luksi. Nje kwenye jua kali la mchana unapata kama laki moja. Ndani ya ukumbi wa kawaida wa michezo unapata mia chache tu. Wewe ukiingia unaona sawa kwa sababu jicho hujirekebisha lenyewe. Kamera inaona ukweli: umeitoa kwa karamu, umeileta kwa makombo.

Mbili, lenzi yangu ilikuwa na tundu dogo. Ukiivuta, inafika f/5.6. Lenzi nyingine ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni kati ya zile za bei ya chini kabisa, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi, mse! Na mimi nilikuwa naota kamera mpya ya laki mbili.

Tatu, niliogopa chembechembe. Ile ISO ukiipandisha, picha inakuwa na punje punje kama mchanga. Mtandaoni nilisoma ati picha safi ni ISO ya chini, basi nikaiacha chini, na kamera ikalazimika kufungua shata muda mrefu, sehemu 1 kwa 125 ya sekunde. Mchezaji wa basketi kwa muda huo ameshahama. Mikono ikawa moshi. Sikilizeni: chembechembe mtu anaweza kusamehe. Uso uliopotea haurudi, hata ukae na programu ya kuhariri usiku kucha. Ndani ya ukumbi kuna kitu lazima upoteze. Poteza usafi, usipoteze mtu.

Nne, na hii ndiyo iliniaibisha zaidi. Ule ukumbi una madirisha juu upande mmoja, na mechi ilikuwa alasiri. Mimi nilikaa upande ambao madirisha yanaangalia lenzi yangu, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na kiti. Kamera ikiachwa ijiamulie, hujaribu kufanya kila kitu kiwe cha wastani. Ikaona madirisha yanawaka, ikasema hapa mwanga ni mwingi, ikapunguza. Waliolipia ni nani? Wasichana weusi kwa hijabu nyeusi.

Nikavuka uwanja. Nikakaa upande wa pili, madirisha mgongoni mwangu. Mzee wa kufagia alikuwa amesimama chini ya ringi ameegemea fagio. Nikampiga picha. Mikunjo yote ya paji la uso, macho, ndevu nyeupe, vyote viko. Sikuwa nimeongeza hata taa moja. Mwanga ulikuwa ule ule. Mimi ndiye niliyekaa vibaya.

Hapo ndipo nilijua nilimdanganya Namba 7. Kuna watu hawajui kucheza halafu wanalaumu uwanja. Nilikuwa mmoja wao.

Najua mtaniambia wengine wana vifaa. Kweli. Marekani kwenye ligi kubwa, wapiga picha hufungiwa flashi kubwa juu kwenye dari, ukibonyeza ukumbi mzima unamulikwa. Sisi hatuna hiyo, na flashi ya mkononi mashindano mengi hayakubali, kwa sababu inampiga mchezaji machoni. Uliza kabla hujawasha. Na taa zetu nyingi za zamani zinacheza: umeme wa Kenya unazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hivyo taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya kasi inaona, ndiyo maana picha moja inatoka ya manjano na inayofuata ya kijani. Kamera za kisasa zina njia ya kuvizia taa ikiwa juu. Yangu haina. Basi napiga tatu au nne mfululizo, nachagua iliyo sawa. Ni kazi ya subira, na subira sisi wa kwetu tuliizoea kisimani.

Kuna kitu kingine nilijifunza kabla sijajua kamera ni nini. Griftu, kwa vichaka, kuna swala twiga, sisi tunamwita garanuug. Anasimama kwa miguu ya nyuma, shingo ndefu, anavuta majani ya juu ambayo mbuzi hafikii. Nikiwa mdogo aabo alinionyesha: usimwangalie akipanda, ngoja afike juu. Akifika juu anatulia kabisa.

Mchezaji anayeruka ni vile vile. Anapopanda ana kasi, anaposhuka ana kasi, lakini pale juu kabisa kuna kipande kidogo cha wakati ambacho mwili umeacha kupanda na haujaanza kushuka. Hapo hata shata isiyo ya kasi sana inamshika. Wengi wanabonyeza wakiona mtu anaanza kuruka. Ngoja. Hesabu garanuug.

Na hiyo nafasi haijirudii. Mnakumbuka Februari 2021 kule Yaoundé? Morans wetu na Angola, nchi iliyokuwa imebeba ubingwa wa Afrika mara 11. Sekunde za mwisho kabisa Tylor Ongwae akaachilia mpira, ukaingia, 74 kwa 73. Mwaka huo huo Kenya ikacheza AfroBasket kule Kigali, mara ya kwanza tangu 1993. Sasa wewe ndiye mpiga picha, umekaa pale chini ya taa, halafu ukose hiyo ukaseme mwanga ulikuwa mbaya? Nani atakuelewa?

Kwa wasichana wetu hata historia yenyewe ni changa. Sheria za FIBA, shirikisho la dunia, zilikuwa zinakataza kufunika kichwa kwenye mechi zake. Ruhusa ilianza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2017. Yaani Namba 7 alikuwa ameshaanza shule wakati dunia inakubali kwamba mtu kama yeye anaweza kuingia uwanjani vile alivyo. Halafu akaja kijana wa kwao, na kamera, akamfuta uso tena.

Mechi ya pili ilikuja baada ya wiki tatu. Nilimwomba kocha anipe nafasi ya bure. Nikaazima lenzi ya f/1.8. Nikawauliza wasichana wenyewe kwanza nani anataka kupigwa na nani hataka, na wawili wakakataa, nikashika namba zao nisiwaguse. Nikaweka kamera yote kwa mkono, isijiamulie kitu: f/1.8, sehemu 1 kwa 800 ya sekunde, ISO 3200. Nikapima mwanga kwa uso wa mtu, sikupima kwa ukuta. Nikakaa madirisha mgongoni.

Nilipiga 900. Nilizobaki nazo ni 31. Hiyo lenzi ikiwa wazi hivyo inashika pua inaacha sikio, na nyingi nilishika mtu asiye mwenyewe. Lakini kulikuwa na moja. Namba 7, juu kabisa, mpira uko vidoleni, mdomo umefunguka kidogo. Hijabu nyeusi na uso wa kahawia, na unaona wapi kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Unaona jasho. Chembechembe ziko, tele.

Rafiki yangu mmoja akaniambia niipitishe kwa programu, nimng'arishe ngozi kidogo, watu watapenda. Nilijaribu kwa zile picha za kwanza, mnajua zilitoka aje? Wasichana walikuwa rangi ya majivu. Nikakataa. Kumulika mtu na kumbadilisha rangi ni vitu viwili tofauti. Baba yake angeangalia aone mtoto wa mtu mwingine.

Kocha aliichapisha hiyo picha kwa karatasi akampa Namba 7 aende nayo nyumbani. Baadaye akaniambia mzee aliishika muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: "Anaruka hivi?"

Msimu uliofuata alikuwa uwanjani. Sitaki kusema ni picha yangu. Pengine ni mama yake aliyeongea usiku, pengine mzee mwenyewe alishafika huko. Mimi najua tu kwamba alipopewa karatasi, alikuta uso wa mtoto wake.

Bado sina kamera ya laki mbili. Bado naulizwa nyumbani kama nitarudi chuo, na jibu bado sijalipata. Lakini kuna sentensi moja nimeacha kuisema. Ukinitumia picha za giza inboksi uniambie mwanga ulikuwa mbaya, nitakuuliza tu: ulikuwa umekaa upande gani?