Mwalo Usio na Kazi

Kwetu, pwani ni neno la redioni na ufukwe ni neno la vitabuni. Neno letu la mahali maji yanapokutana na nchi kavu ni mwalo, na mwalo ni mahali pa kazi. Kuna mwalo wa samaki, ambako mitumbwi inafika alfajiri na wanawake wanagombea dagaa. Kuna pia mwalo wa dhahabu, ambao unaweza kuwa mbali kabisa na ziwa: karasha linanguruma, mawe yaliyosagwa yanaoshwa, na kinachobaki kinachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu. Kuanzia Rwamagasa, Geita, hadi Mwakitolyo, Shinyanga, ukisema unakwenda mwaloni, mtu atakuuliza unakwenda kufanya kazi gani. Hakuna atakayekuuliza kama umebeba taulo.

Ndiyo maana kikoba cha Mama kiliponipa jukumu la kuwachagulia ufukwe mmoja wa Dar es Salaam, nililichukulia kwa uzito kuliko tasnifu yangu ya uzamili.

Walikuwa wanawake kumi na mmoja. Wameponda mawe, wamepikia wachimbaji wali na maharage pembeni ya maduara, wamefuata kila rashi ya dhahabu kati ya Geita na Shinyanga. Kwa mwaka mzima, kila mmoja alitenga pesa kila mwezi, mbali na hisa zake, kwa ajili ya kuiona bahari. Walipoanza walikuwa kumi na watatu. Mmoja aliondoka na kifua, baada ya miaka mingi ya kuvuta vumbi la mawe. Mwingine alizikwa wiki mbili kabla ya mgawo. Kwa hiyo Mama aliponiambia kwa simu, "Tafuta pazuri, mwanangu, hatutarudi tena huko," nilijua hatanii.

Pesa ilitosha nauli, malazi ya siku tatu, na siku moja ya ufukwe.

Zanzibar ilitoka mapema. Nilipotaja Nungwi, mama mmoja alicheka hadi simu ikakwaruza. "Nungwe si ipo hapa Geita? Ndiko mgodi unakovuta maji!" Ni kweli: mgodi mkubwa wa Geita unavuta maji yake Nungwe, kwenye Ziwa Victoria. Kusafiri zaidi ya kilometa elfu moja kwenda kuona Nungwi nyingine, tena kwa boti, hakukumwingia yeyote akilini.

Coco Beach ilikuwa chaguo la wenzangu chuoni. Hakuna kiingilio, mihogo na mishikaki ipo, daladala zinafika karibu. Naipenda Coco, ndiko tunakokwenda boom likiingia. Lakini Jumamosi muziki wa kibanda hiki unapigana na wa kibanda kile, na mtu akikaa dakika kumi bila kuagiza, mhudumu anamsimamia kichwani. Hawa mama wamesimamiwa vichwani maisha yao yote.

Nikaenda upande wa Mbezi na Kunduchi. Kule mchanga ni mzuri, ila unaufikia kwa kupita getini kwa mtu. Kwenye hoteli moja mlinzi alinieleza utaratibu: kiingilio kwa kila kichwa, chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Nilipiga hesabu ya vichwa kumi na moja, nikaugeuza kuwa ndoo za mawe ya kuponda, nikamshukuru na kuondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Nimeisoma darasani. Haisemi lolote kuhusu mama anayetaka kukalia mchanga akiwa na hotipoti lake la ugali.

Kisiwa cha Mbudya ndicho kilichoniuma kukiacha. Ni hifadhi, maji yake ni safi, na chini ya maji unaona hadi kucha za miguu. Lakini kinafikiwa kwa boti. Sisi wa kanda ya ziwa hatupandi chombo cha majini bila kuhesabu. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama MV Bukoba. Tarehe 20 Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na Ukara, na kati ya wale kumi na moja yupo aliyempoteza dada yake siku ile. Sikumuuliza kama angependa boti.

Ikabaki Kigamboni. Kuna kivuko, lakini tangu 2016 kuna pia daraja, na daraja halizami. Nilikodi Coaster, tukavuka kwa magurudumu hadi Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo na maana yake ni "jaribu uone". Nilikuwa nimepatana na familia moja yenye banda la makuti karibu na wavuvi: tunalipia kivuli, mengine juu yetu.

Tulifika saa nne asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, yameacha uwanja wa mchanga wenye mawimbi madogo kama bati, na kaa wakikimbia huku na huko.

"Wamewaibia," alisema Mama. Wote wakaangua kicheko.

Ziwa letu haliondoki. Linaweza kupanda na kushuka kwa miaka, lakini halitoki asubuhi likarudi jioni. Niliwaeleza kuhusu bamvua, jinsi mwezi unavyoyavuta maji hadi yakapanda na kushuka zaidi ya mita tatu hapa Dar es Salaam. Walinisikiliza kwa adabu, kama wanavyomsikiliza afisa wa serikali, kisha wakavua viatu na kwenda kujionea wenyewe.

Mama mmoja alichota mchanga kwa besheni, akaongeza maji, akaanza kuzungusha. Sidhani kama aliamua; mikono iliamua. Wenzake walimzunguka kimya. Mchanga mweupe ukatoka kidogokidogo hadi ukabaki mstari mweusi chini ya besheni.

"Ipo?"

"Hamna. Ni nyeusi tu."

Ile nyeusi ina jina. Kigamboni hiihii, eneo la Fungoni, watafiti wa madini wameshaupima mchanga mzito wenye ilmenaiti na zirkoni. Ningeweza kuwaambia. Ningewaambia, wangeanza kuuliza bei, nani ana leseni, na kama wanawake wanaruhusiwa. Nilinyamaza. Besheni likasuuzwa, likarudi kuwa la kuoshea mikono.

Maji yalirudi kuelekea jioni, polepole, kila wimbi likisogea hatua moja. Walioogopa waliingia hadi magotini, wameshikana mikono. Aliyempoteza dada alionja maji kwa kidole, akatema, akaonja tena. Kisha akajaza chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Mimi nilikuwa namtafuta Mama. Nilimkuta chini ya makuti, amejilaza ubavu, khanga usoni. Nilidhani anaumwa. Nikainama, nikasikia anakoroma.

Nina miaka ishirini na sita na sijawahi kumwona mama yangu amelala mchana. Nimemwona amechoka, nimemwona na malaria akichochea moto, lakini kulala mchana, hapana. Nilikaa upande jua linakotokea ili kivuli changu kimfunike.

Alipoamka alishtuka, akaketi, akatazama huku na kule. "Nani anatudai hapa?"

"Hakuna, Mama. Kivuli tumeshalipia."

Alifikiri kidogo, akajifunika tena khanga.

"Basi niamshe maji yakifika miguuni."