Kahawa ya Dakika Nne

Hapa kwetu Ushongo, kusini ya mto Pangani, kahawa ni kinywaji cha barazani. Jioni wanaume huketi na vikombe vidogo, kahawa tungu ikimiminwa kutoka kwenye dele, na mazungumzo hayaishi. Nyumbani tulikunywa chai.

Katika mwaka wetu wa kumi na moja wa ndoa, baba watoto alikuwa akirudi watoto wamekwisha kulala. Tuliulizana habari za sukari na ada ya shule tu, kisha kila mmoja akageukia upande wake.

Siku moja tulitoka Tanga na nusu kilo ya kahawa ya milima ya Usambara, iliyokwisha kusagwa. Dele hatukuwa nalo. Tulikata kitambaa cheupe cha pamba, tukakichemsha kuondoa wanga, tukakitandika ndani ya chujio la chai juu ya birika.

Baadaye tulisoma kwamba mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alianza hivyohivyo mwaka 1908. Alikuwa amechoshwa na mashapo katika kahawa yake. Akatoboa chombo cha shaba kwa msumari, akaweka ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe. Kampuni aliyoanzisha pamoja na mumewe ingali na jina lake.

Njia yetu ni hii. Kwa kila kikombe kikubwa weka vijiko vitatu vya chakula, vya kufuta, vya kahawa iliyosagwa kama mchanga, si kama unga. Maji yakichemka, yaepue, yaache nusu dakika. Mwaga kidogo, kahawa ilowe tu. Kama ni mbichi ya kukaangwa karibuni itaumuka, maana inatoa hewa. Ngoja nusu dakika tena. Kisha mwaga polepole ukizungusha. Ukiwa na pupa inatoka nyepesi, haina ladha. Kitambaa kioshe kwa maji matupu, sabuni huacha harufu.

Kazi yote ni kama dakika nne, na haitaki mtu aondoke. Mmoja wetu alimwaga, mwingine alishika taa.

Jioni ya tatu, tukingoja matone, neno likatoka. Injini ya mtumbwi ilinunuliwa kwa mkopo, samaki walipungua, na marejesho ya miezi mitano yalikuwa hayajalipwa. Baraza lilikuwa mahali pa kujificha. Mmoja wetu alikuwa ameamini kwamba kuna mwanamke mwingine, na shaka hiyo alikwisha kuipeleka kwa dada zake kabla ya kuuliza nyumbani. Naye akakiri. Hatujui ni lipi liliuma zaidi.

Kahawa ilipoa usiku ule. Injini tuliiuza, tukarudia ngalawa ya tanga, na deni lililobaki tulilimaliza kwa miaka miwili. Kwa dada zetu tulikwenda wote wawili kusahihisha maneno.

Baba watoto bado huenda barazani, na hatumkatazi. Kule ana majirani wema. Lakini jioni mbili kwa juma birika huwa letu. Mama mwenzetu, kama nyumbani kwako kuna neno lisilotoka, usilivute kwa nguvu. Tafuta kazi ndogo ya mikono minne, inayokwenda polepole, muifanye pamoja. Kisha nyamaza kidogo, ungoje.