Kila Mashua na Propela Yake

Kwa sisi watu wa Baraka ziwa ndilo barabara. Mvua ikiharibu njia ya Uvira, twapanda mashua. Tukienda Ubwari, ng'ambo ya Ghuba ya Burton, twapanda mashua. Unga, saruji, hata mbuzi, vyote hupita majini. Basi si vibaya tuzungumze kidogo juu ya kile chuma kinachozunguka chini ya moteri, yaani propela.

Mnunuzi wengi wao husema dukani: "Nipe iendayo mbio." Hapo ndipo taabu inapoanza. Propela huandikwa namba mbili, kwa mfano 11 x 13, zote kwa inchi. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ni mwendo ambao propela ingepiga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu, mfano wa skrubu iingiavyo katika mbao. Namba hii ya pili ikiwa kubwa, mashua nyepesi huruka kama ndege. Lakini ipakie watu ishirini na magunia yao, utaona moteri inavyolemewa.

Sisi tulipata kusafiri katika mashua ya namna hiyo. Nahodha alifungua moteri mpaka mwisho, nayo ikanguruma kwa sauti nzito, moshi tele, pua ya mashua haiinuki. Mzee mmoja akamwambia: "Mwanangu, propela hii si ya mzigo huu." Nahodha akacheka tu. Kabla ya kufika ncha ya Ubwari moteri ikazimika kwa joto. Upepo wa kusini ulikuwa umekwisha kuamka, mashua ikageuza ubavu kwa mawimbi, nasi tukateka maji kwa masufuria mpaka wavuvi walipotuvuta.

Je, mtu atajuaje propela imfaayo? Kitabu cha moteri husema izunguke mara ngapi kwa dakika ikifunguliwa mpaka mwisho: nyingi ni 4500 mpaka 5500, nyingine 5000 mpaka 6000. Pakia mzigo wako wa kila siku, nenda mahali penye maji matulivu, kisha pima. Kuna kipimo kidogo kinachofungwa kwenye waya wa plagi. Mizunguko ikipungua, chukua propela yenye namba ya pili ndogo zaidi. Kila inchi moja huongeza mizunguko kama 200. Ikizidi mno, chukua iliyo kubwa. Lakini ukipima mashua tupu, umejidanganya mwenyewe.

Tena tukumbuke kwamba ziwa letu liko juu, kama mita 770 kupita bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kidogo, na moteri hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo propela iliyofaa Mombasa au Dar es Salaam huenda ikawa nzito mno kwa moteri ile ile hapa Baraka.

Kwamba kubwa si bora sikuzote, jambo hili lilijulikana zamani. Mwingereza Francis Pettit Smith alipojaribu mashua yake katika mfereji wa London, mwaka 1837, propela yake ilikuwa skrubu ndefu ya mti. Ikagonga kitu, nusu yake ikavunjika. Kumbe! Mashua ikaenda mbio kuliko kwanza.

Mwenye kubeba mizigo mizito siku moja na watu wachache siku nyingine, afadhali awe na propela mbili. Ya akiba ikae ndani ya mashua pamoja na pini na spana yake, maana mawe ya ufukoni hayana huruma. Na kabla ya kununua, ahesabu meno ya shimo la katikati, yalingane na ya moteri yake.

Waliotangulia walisema: kila chombo kwa wimbile. Abiria humwona nahodha, huona rangi ya mashua na ukubwa wa moteri. Propela hawaioni, imo majini. Ni nahodha peke yake aijuaye, na kwa hiyo ni juu yake kuichagua kwa ajili ya mzigo wa watu, wala si kwa ajili ya sifa za mbio.